Mama Kapinga Alijipa Mbili Juu ya Kumi

Nyinyi wawili mnaorithi meza yangu mlicheka niliposema nimestaafu. Nina miaka thelathini na tatu, sina mvi, na hakuna aliyenipa saa ya ukutani wala hotuba. Lakini mkataba wangu umekwisha, sikuomba mwingine, na muda si mrefu nitaanza kufundisha takwimu Lubumbashi, mbele ya wanafunzi ambao natumaini watanibishia. Kazi niliyoishika tangu nitoke chuo nimeiweka chini. Kama hiyo si kustaafu, nitafutieni neno lenu.

Mmeniomba niandike jinsi kazi inavyokwenda. Mwongozo mnao tayari, na ni mrefu kuliko subira ya mtu yeyote. Mimi nitaandika yale ambayo mwongozo hauyajui.

Kazi yenyewe inaelezeka upesi. Kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui kutoka nje, inageuka na kumshambulia mwenye mwili. Baridi yabisi inayokula viungo ni mojawapo, lupusi ni mwingine, na upo ule unaokaza ngozi mpaka mtu anashindwa kukunja ngumi. Utafiti wetu unawauliza wagonjwa wa nchi nyingi maswali yale yale, kwa njia ya mtandao, kila baada ya miezi kadhaa. Mgonjwa wa Ulaya anajibu akiwa kitandani. Mgonjwa wa Likasi anajibu pia. Tofauti yote imo katika hilo neno "pia".

Niliposoma tangazo la kazi nilijiuliza: kama utafiti uko mtandaoni, mtu wa kuusimamia Likasi ni wa nini? Niliuliza swali hilo hata kwenye usaili. Marit, aliyeongoza utafiti kutoka nchi moja ya baridi huko kaskazini, alikiri kwenye skrini kwamba hata yeye hakuwa na hakika, ila majibu kutoka Likasi yalikuwa yanaanza na hayamaliziki. Nilipenda kwamba hakutunga jibu.

Siku ya kwanza Kikula, mtaa wa Likasi ilipo dispensari yetu, nilipata jibu langu. Nyuma ya dispensari kulikuwa na chumba chenye mabenchi mawili, modemu, na betri ya gari ya kulishia modemu umeme ukikatika. Ukikaa Likasi unajua kwamba bwawa la umeme la Koni liko jirani, na unajua pia kwamba ujirani huo haukuhakikishii taa. Wagonjwa walikuja pale kwa sababu nyumbani simu ni ya familia nzima, na hakuna anayetaka kujibu kuhusu choo na kitanda cha ndoa huku shemeji akisubiri zamu yake. Wengine vidole vyao havikuweza kugusa herufi ndogo, wakatumia kifundo cha kidole au ncha ya kijiko. Basi huo ndio mtandao wetu: benchi, betri, kijiko.

Mwenye chumba alikuwa Papa Mwamba, muuguzi mzee aliyekwisha kuwachoma sindano wazazi wa nusu ya mtaa. Alinipokea kwa adabu, akanionyesha kiti kilichotazama mgongo wa simu za wagonjwa, yaani mahali ambapo sikuweza kuona skrini hata kidogo. Nikamwambia nimesoma chuo kikuu, najua kutunza siri. Akasema, "Ndiyo, weye uko na masomo mingi. Njo maana ukae mbali." Akanieleza kwamba mgonjwa akiona muntu wa masomo anamchungulia, anajibu jibu la kumfurahisha. Atakayeuliza maana ya neno, umwambie maana. Atakayeuliza ajibu nini, umwambie hali ya hewa. Nimeifuata kanuni hiyo mpaka mwisho, isipokuwa safari moja, na bado naiamini, ingawa mtaona hapa chini kwamba ilituficha jambo. Mambo yote mazuri niliyoyakuta katika kazi hii yalikuwa na upande huo.

Maswali yalikuwa yameandikwa kwa watu wa mahali pengine. Mchimbaji mmoja kutoka Kamatanda, mwenye ngozi iliyokakamaa mpaka kwenye viwiko, alifika kwenye swali la kama ugonjwa unamzuia kufanya kazi ya mezani. Akaniuliza kama shimo ni meza. Nikampa maana ya neno, kama nilivyofundishwa. Akafikiri, akasema basi ugonjwa haujamzuia kazi ya mezani hata siku moja, maana hajawahi kuipata. Alikuwa sahihi kabisa, na jibu lake halikufaa kitu. Nilimwandikia Marit kuhusu meza, naye akalibadilisha swali. Nalitaja hilo ili msidhani kwamba watu wa mbali hawasikii. Wanasikia wakiambiwa. Tatizo ni yale ambayo hata sisi tuliokuwa chumbani hatukujua kwamba yanahitaji kusemwa.

Sasa nifike kwa Mama Kapinga, maana ndiye sababu ya kuandika.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye alizaliwa hapa, akafundisha hapa, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Ugonjwa wa viungo ulimkuta angali darasani. Ulianza na ukakasi wa asubuhi, ukaja uvimbe, kisha vidole vikaanza kuelekea upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa. Alipoacha kushika chaki alikuwa akifunga nguo kwa pini kwa sababu vifungo vilimshinda. Dawa aliyokuwa akimeza ni ya kutuliza maumivu tu, ile ya dukani. Ugonjwa ule ukipata dawa yake mapema, viungo huokoka. Dawa ikicheleweshwa, kilichopinda hakirudi. Hilo Papa Mwamba alimwambia wazi. Akamwambia pia kwamba daktari bingwa wa viungo hatumpati Likasi.

Aliketi daima karibu na Mama Zaina, mfanyabiashara wa unga na mafuta, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa mashariki. Mama Zaina alikuwa na ugonjwa ule ule, ila wake ulikuwa wa kuja na kwenda. Nilipokuwa nikiwasomea wagonjwa maelezo ya ridhaa, Mama Zaina alikuwa anagonga "Nakubali" kabla sijafika katikati. Nilipomuuliza kama amesikia yote, aliniuliza nami kama huwa ninasoma yale maandishi kabla ya kugonga kwenye simu yangu. Mama Kapinga alikuwa amewafundisha watoto wa Mama Zaina, na urafiki wao ulikuwa wa kuchokozana tangu wanakaa mpaka wanaondoka.

Mwaka mmoja Marit alituletea habari njema. Bingwa wa viungo angekuja Lubumbashi kwa muda mfupi, naye angewaona baadhi ya wagonjwa wetu na kuwaanzishia dawa, na dispensari yetu ingeendelea kuwafuatilia. Nafasi zilikuwa chache kuliko watu. Ili pasiwe na upendeleo, mashine ingechagua yenyewe kwa majibu ya awamu ile: wenye maumivu makubwa kwanza. Mimi niliyezoea kupinga kila kitu sikupata la kupinga. Mashine haina shemeji.

Wagonjwa walijibu siku ile ile waliyozoea. Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama migongo ya simu. Mama Kapinga alijibu polepole, kwa kifundo, akirudia kila swali kwa midomo bila sauti. Baadaye ujumbe ukaanza kuingia moja kwa moja kwenye simu zao. Mama Zaina alialikwa Lubumbashi. Mama Kapinga aliandikiwa kwamba anashukuriwa, na kwamba inaonekana ugonjwa wake umedhibitiwa vizuri.

Alinisomea ujumbe huo kwa sauti yake ya darasani, akiwa ameshikilia simu kwa viganja viwili kwa sababu vidole havikufunga. Hakulia wala hakulalamika. Alitaka kujua tu neno "umedhibitiwa" limetumika kwa maana gani. Kwa mara ya kwanza nilivunja kanuni ya Papa Mwamba, nikamuuliza alijibu nini pale kwenye maumivu.

"Mbili," alisema.

Nikamuuliza mbili kwa nini, nikiitazama ile mikono.

"Mbili juu ya kumi. Ulitaka nitie ngapi? Mikono yangu inafanya bibaya, inapata mbili. Minye nilikuwaka mwalimu, siwezi kumupa muntu alama za bure, hata kama ni minye mwenyewe."

Nilichukua simu yake, kwa ruhusa yake, nikafungua ukurasa wa mfano. Kwenye kompyuta yangu, mstari wa sifuri hadi kumi una maneno kwenye ncha zake: huku "hakuna maumivu", kule "maumivu makali kupita yote". Kwenye simu ndogo kama yake maneno yale yalikuwa yamekatwa na ukingo wa skrini. Zilibaki namba tupu chini ya sentensi iliyomtaka apime hali ya viungo vyake wiki ile. Mtu aliyepita shule ya kwetu akipewa namba mpaka kumi na kuambiwa apime, anajua la kufanya. Kumi ni vizuri. Mbili ni kurudia darasa.

Niliwauliza wengine mmoja mmoja. Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu, na ningependa mlielewe vizuri, kwa sababu litawakuta kwa sura nyingine. Kama wote wangekuwa wamegeuza, ningegeuza namba zote na kazi imekwisha. Lakini wenye simu kubwa waliyaona maneno na wakajibu kama ilivyokusudiwa. Wengine waliona namba tupu lakini wakabahatisha sawa. Wengine hawakukumbuka. Na majibu hayana majina, yana namba za siri tu, ambazo mimi sina ufunguo wake. Nilikuwa na hakika kwamba mashine imekosea, na sikuwa na njia ya kuonyesha kwa nani.

Nikaenda kwa Mama Zaina kwenye kibanda chake cha unga. Alipoona nimekuja peke yangu, bila mazungumzo ya kawaida, alianza kujitetea kabla sijauliza. Ndiyo, alitia nane. Wiki ile alikuwa anajisikia muzuri, akajipa nane. Sasa nilitaka aseme alidanganya? Apokonywe nafasi? Viungo vyake vilikuwa vinalala leo, kesho vingeamka, na akinyimwa daktari leo hatampata tena siku vitakapoamka. Nilimwambia sijaja kumnyang'anya kitu, na ilikuwa kweli. Alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule. Nani alinipa mizani ya kupima nani ni mgonjwa wa kutosha? Nilirudi bila kumwomba chochote.

Nilimpigia Marit. Nilimweleza kuhusu ncha zilizokatwa, na kuhusu shule. Alisikitika, na hakutafuta wa kumlaumu. Angerekebisha ukurasa kabla ya awamu inayofuata, na katika ripoti angeandika kwamba namba za maumivu za Likasi haziaminiki. Lakini uchaguzi usingebadilika. Akibadilisha jibu la mgonjwa mmoja kwa sababu msimamizi amemwombea, alisema, atamwambia nini msimamizi wa mji mwingine atakapomwombea wa kwake? Nilimbishia kwa kila hoja niliyokuwa nayo. Ubaya ni kwamba ningekuwa kwenye kiti chake ningesema neno kwa neno yale aliyoyasema. Nimewahi kushindwa mijadala mingi. Huo ndio pekee nilioshindwa na mimi mwenyewe.

Papa Mwamba niliyemwendea kwa ushauri alisema tu kwamba vidole havisubiri ripoti.

Tulipokutana tena chumbani, habari ilikuwa imekwisha kuenea. Mama Zaina alikaa mahali pake, akamgeukia mwenzake mbele ya watu wote.

"Mwalimu, watoto yangu uliwanyima alama miaka yote ile. Kumbe na weye mwenyewe ulikuwa unajinyima."

"Watoto yako walikuwa bavivu," alisema Mama Kapinga.

"Na mikono yako?"

"Nayo mivivu."

Watu walicheka mpaka Papa Mwamba akachungulia mlangoni. Mama Zaina hakucheka. Alitoa simu, akanipa, akaniomba nimsomee tena mwisho wa ule mwaliko, pale penye habari za safari. Nikamsomea: mgonjwa anaweza kufuatana na mtu mmoja wa kumsaidia.

"Huyo muntu, wanauliza jina yake?"

Nikatazama. Hawakuuliza.

"Wanauliza kama iko muzima?"

Nikasoma ujumbe wote kuanzia juu, polepole, kama ninavyosoma mkataba. Nikamwambia hawaulizi hilo pia.

Sote tumekua tukijua kwamba hapa kwetu hakuna anayekwenda hospitali peke yake. Mgonjwa ana garde-malade wake, wa kumpikia, kumgeuza kitandani, kumsikilizia daktari, kulala chini ya kitanda chake ikibidi. Daktari ambaye hajawahi kumkuta garde-malade chumbani hajafanya kazi Kongo. Mama Zaina siku zote alisindikizwa na binti yake mkubwa. Safari hii alimwambia binti abaki na unga; wa kumsindikiza angekuwa Mama Kapinga.

Mama Kapinga alikataa. Alisema hakufaulu mtihani, na mtu hapandi darasa kwa kushika mkono wa aliyefaulu. Alilisema kwa dhati. Alikuwa ameishi kwa kanuni hiyo na kuwarudisha watoto wengi kwayo. Mama Zaina akamjibu kwamba hakuna aliyemwita kwenye mtihani. Yeye Zaina ni mgonjwa, anakwenda mbali, anahitaji wa kumbebea kikapu.

"Kwa hii mikono?" Mama Kapinga aliinua viganja vyake.

"Kikapu iko mwepesi. Unakuya ao haukuye?"

Mama Kapinga alishusha mikono, akaificha ndani ya kitenge. Mwishowe aliuliza basi linaondoka saa ngapi.

Nilimwandikia Marit kabla hawajaondoka, kwa sababu sipendi mambo ninayoyakubali yafanyike mgongoni mwa mtu. Nilimwambia kwamba mtu wa kumsindikiza mmoja wa walioalikwa ni mgonjwa pia. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: utaratibu wetu hauhitaji idhini kwa watu wanaosindikiza wagonjwa. Nimeisoma mara nyingi. Nadhani ndiyo sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuniandikia, na hakuna mahali popote inaposema ndiyo.

Ya Lubumbashi sikuyaona. Waliniambia wao, wakikatizana na kusahihishana, kwa hiyo nayaandika kwa kiasi cha imani ninachowapa mashahidi wawili wanaochokozana.

Daktari alikuwa kijana, mwenye faili la Mama Zaina wazi mbele yake. Kulikuwa na kiti kimoja cha mgonjwa. Mama Zaina hakukaa. Alimkalisha Mama Kapinga, akasimama nyuma yake na kikapu mkononi. Daktari akaomba mikono. Mama Kapinga hakutoa; alisema mgonjwa ni huyo aliyesimama. Mama Zaina akainama, akafungua kitenge, akaitoa mikono ya mwenzake mmoja mmoja na kuilaza juu ya meza.

Daktari akaangalia faili, akaangalia mikono, akauliza mgonjwa ni nani kati yao.

"Mugonjwa ni garde-malade, docteur," alisema Mama Zaina. "Minye namusindikiza tu. Ukimaliza naye, utaniangalia na minye."

Daktari alisema hana jina la huyu kwenye orodha. Mama Kapinga akaanza kusimama. Wote wawili wanakubaliana juu ya kilichofuata, na kwao hilo ni jambo la nadra: daktari alikuwa ameshika kidole kimoja cha Mama Kapinga kwa ajili ya kukipima, na hakukiachia. Akamwambia akae. Kisha akaita mlangoni waletewe kiti cha pili.

Wote wawili walirudi na dawa yenyewe ya ugonjwa ule, ya kumeza mara moja kwa juma, na maagizo ya kupima damu, ambayo Papa Mwamba aliyasimamia kwa ukali. Ukurasa wa maumivu ulirekebishwa; ncha zinaonekana sasa hata kwenye simu ndogo kuliko zote, na nyinyi mtaukuta hivyo bila kujua kwamba haukuwa hivyo. Ripoti ilitoka, na inasema kwamba namba za maumivu za Likasi haziaminiki. Ni kweli, haziaminiki. Mwanafunzi atakayeisoma atafikiri sisi huku hatujui maumivu yetu.

Mtaniuliza kama naamini bado katika kazi hii. Naamini kwamba ni lazima kuuliza watu, na kwamba ni lazima kuwauliza pia jinsi walivyolisikia swali. Kama hilo linatosha kwa maisha mazima ya kazi, sijui; ndiyo maana naondoka wakati bado najiuliza.

Juzi nilipita kumuaga Mama Kapinga. Alikuwa anakamua nguo uani, nguo nyepesi, bila haraka. Nilimtazama mikono, naye akaniacha niitazame. Vidole vilivyokuwa vimeshapinda siku ile ya Lubumbashi havijanyooka, na havitanyooka. Vile ambavyo vilikuwa bado vimenyooka, vimebaki vimenyooka.